Punda Aliyelala Chini ya Mzigo

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:15–20, Mwanzo 24:10–20, Kutoka 23:4, 5, 12, Hesabu 22:21–34, Yona 4:10, 11, Luka 13:10–17, Warumi 8:18–22.

Fungu la Kukariri: Mithali 12:10. (Lisome katika Biblia yako, kisha likariri pamoja na watu wa nyumbani mwako.)

Kiangazi kinapokaza katika Ilongero na vijiji vingine vya Wilaya ya Singida, punda ndiye bomba la maji. Alfajiri hutoka nyumbani na madumu matupu. Jua likipanda hurudi na madumu manne yaliyojaa, mawili kila ubavu. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20, hivyo manne ni kilo 80. Mvua zikianza, zamu ni ya maksai kuvuta jembe katika mashamba ya alizeti, mtama na uwele. Usiku ukiingia, mbwa hulinda zizi. Wanyama hawa hawasemi wala hawadai mshahara. Wakiugua au wakizeeka, hatima yao imo mikononi mwa mwanadamu.

Zipo sehemu ambako wanyama walioteswa, waliojeruhiwa au waliotelekezwa hupelekwa kwenye vituo vya kuwahifadhi. Jijini Nairobi, chama cha kulinda na kutunza wanyama kinachojulikana kwa kifupi kama KSPCA, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1910, hupokea mbwa, paka, punda na wanyama wengine wa namna hiyo. Kisiwani Lamu, kituo cha punda kimekuwa kikiwatibu wanyama hao bila malipo tangu mwaka 1987. Katika vituo vya aina hii, pamoja na madaktari wa mifugo na wafanyakazi walioajiriwa, mara nyingi huwako watu wanaojitolea: huosha vizimba, huchota maji, hulisha na kuwatembeza wanyama.

Je, kazi kama hiyo ina uhusiano wowote na imani? Na mahali ambapo watu wenyewe wanahangaikia maji na chakula, je, kumhudumia mnyama si anasa? Juma hili Biblia itaulizwa maswali hayo mawili.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Aliyepewa Kutunza

Soma Mwanzo 1:24–28 na Mwanzo 2:15–20. Mungu alimpa Adamu kazi gani juu ya bustani na juu ya wanyama? Je, kutawala na kutunza ni mambo mawili yanayopingana?

Wengi hukumbuka kwamba mwanadamu alipewa mamlaka juu ya samaki, ndege na wanyama. Ni wachache wanaoendelea kusoma hadi sura ya pili, ambako mtawala huyo huyo anawekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Kisha Mungu anamletea wanyama, naye anawapa majina. Mwenye ng'ombe wengi anajua maana ya jambo hilo. Katika boma la mfugaji wa Singida, ng'ombe hawaitwi wote kwa jina moja. Yuko wa madoa, yuko wa pembe zilizopinda, yuko mkaidi. Anayempa mnyama jina huwa amemtazama vya kutosha, akamjua tabia. Utawala wa kwanza wa Adamu ulianza kwa kutazama na kujua. Fimbo haikutajwa.

Baada ya Gharika, Mungu alifanya agano. Katika Mwanzo 9:9–17 inatajwa zaidi ya mara moja kwamba agano hilo halikuwa na Nuhu na uzao wake peke yao. Lilikuwa pia na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Upinde wa mvua unaoonekana juu ya Ziwa Singidani baada ya manyunyu ni ishara kwa mkulima, na kwa punda wake pia.

Wataalamu wa ustawi wa wanyama hutumia vipimo vitano kujua kama mnyama anatunzwa ipasavyo: asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtaabisha, asiachwe katika maumivu, majeraha na magonjwa, aweze kuishi kwa tabia ya asili yake, na asiishi katika hofu. Vipimo hivyo vilianza kuandaliwa Uingereza katika miaka ya 1960. Hata hivyo, mtunga Zaburi alikwisha kumwona Mungu akiyafanya mengi kati ya hayo: huwanywesha wanyama wa mwituni, huwapa ndege mahali pa kujenga viota, huwapa wote chakula kwa wakati wake (Zaburi 104:10–28). Anayemtunza mnyama anafanya kazi ambayo Muumbaji mwenyewe anaifanya kila siku.

Nenda zizini leo jioni ukiwa na vipimo hivyo vitano. Ni kipi ambacho mnyama wako hakipati?

JUMATATU
Ngamia Kumi Kisimani

Soma Mwanzo 24:10–20. Mtumishi wa Ibrahimu aliomba nini kwa Rebeka, na Rebeka alitoa nini zaidi ya alichoombwa?

Mtumishi aliomba maji kidogo ya kunywa. Rebeka alimpa, kisha akaongeza jambo ambalo hakuombwa: angewatekea maji na ngamia hadi watosheke. Ngamia walikuwa kumi. Ngamia mwenye kiu kali anaweza kunywa lita 100 au zaidi kwa mara moja. Ikiwa wale kumi walikuwa na kiu ya namna hiyo baada ya safari yao ndefu, maji waliyohitaji yalifika lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Binti wa Ilongero anayejua njia ya kisimani hahitaji kuelezwa uzito wa ahadi hiyo. Rebeka alitumia mtungi, na Biblia inasema alipiga mbio.

Huu ni mfano ulio wazi wa kujitolea, na una mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, hakulazimishwa. Ngamia hawakuwa wake, na mwenye ngamia alikuwa mgeni. Desturi ya ukarimu ilimtaka ampe mtu maji, naye angeweza kuishia hapo bila mtu yeyote kumlaumu.

Pili, alimaliza. Aliahidi kuwanywesha hadi watosheke, na hakuondoka kisimani kabla ya hapo. Watu wengi huanza kujitolea kwa moyo wa moto. Siku ya kwanza kituoni hupendeza, kwa sababu kuna watoto wa mbwa wa kubeba na picha za kupiga. Siku ya ishirini kuna kinyesi cha kuzoa, mnyama mgonjwa asiyetaka kula, na mvua. Mnyama aliyekwisha kutelekezwa mara moja huumia tena anapozoea mkono ambao kesho hauji. Ni heri kuahidi asubuhi moja kwa juma na kuitimiza mwaka mzima, kuliko kuahidi kila siku na kutoweka baada ya mwezi.

Tatu, hakujua kwamba anatazamwa. Mtumishi alikuwa amemwomba Mungu ishara, na ishara hiyo ilikuwa ni moyo wa binti unaoona kiu ya mnyama. Hakupimwa kwa nasaba yake wala kwa uzuri wake, ingawa vyote viwili alikuwa navyo. Alipimwa kwa alivyowatendea viumbe ambao wasingeweza kumlipa wala kumsifu.

Je, kuna kazi ya huduma uliyoianza kwa furaha ukaiacha njiani? Ni nini kingekusaidia kuirudia kwa kipimo unachokiweza?

JUMANNE
Punda wa Anayekuchukia

Soma Kutoka 23:4, 5 na Kumbukumbu la Torati 22:1–4. Sheria hizi zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi? Kwa nini Mungu alimtaja adui?

Katika Kumbukumbu la Torati, mnyama aliyepotea au aliyeanguka ni wa ndugu. Katika Kutoka, ni wa adui, mtu anayekuchukia. Mungu aliijua mioyo ya watu. Alijua kwamba ni rahisi kumwonea huruma punda wa rafiki. Akiwa wa mtu ambaye mifugo yake iliingia shambani mwako mwaka jana ikala mtama, akakataa kulipa, hapo macho hutazama pembeni na miguu huongeza mwendo.

Fikiria hali kama hii. Bibi mmoja mjane anaishi na wajukuu watatu. Punda wake ana kidonda mgongoni. Tandiko limeisha sufi na kamba ya katani imekata ngozi. Kila mtu kijijini amekiona kidonda hicho. Wengine humlaumu bibi kwamba ni mkatili. Lakini bibi hana punda mwingine, na wajukuu hawawezi kukaa bila maji. Akimpumzisha punda, watoto watabeba madumu vichwani na kukosa shule. Je, hapo lawama zitaponya kidonda?

Sheria ya Kutoka haikumwagiza mpita njia asimame na kumhubiria mwenye punda. Ilimwagiza amsaidie kuuondoa mzigo, wakishirikiana naye. Katika hali ya yule bibi, msaada unaweza kuanza kwa kijana mmoja wa jirani kufika asubuhi na kusema, “Shikamoo bibi. Punda wako apumzike juma hili na juma lijalo. Wa kwetu ataleta na maji yenu.” Mwingine ashone tandiko jipya kwa gunia na majani makavu laini, akiacha nafasi katikati ili uzito usikandamize uti wa mgongo. Mwingine aoshe kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo na kumwita afisa mifugo. Hakuna aliyehitaji jengo wala bajeti. Na ikiwa familia ya yule kijana na familia ya bibi zilikuwa hazisalimiani, yamepona mambo mawili kwa pamoja.

Hapa ndipo hekima ya sheria hii inapoonekana. Watu wawili wanaochukiana hawawezi kuinua mzigo wa punda bila mmoja kushika upande huu na mwingine upande ule. Watalazimika kusemezana, hata kama ni kusema tu, “Haya, inua.” Mungu alimtumia mnyama aliyeanguka kuwakutanisha watu waliokuwa wamekataa kukutana.

Thamani ya punda kwa maskini imetambuliwa hata na viongozi wa bara hili. Mahitaji ya ngozi za punda katika nchi za mbali, ambako huchemshwa kutengenezea dawa za asili, yalifanya punda wengi wa Afrika wachinjwe au waibwe. Punda jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, hivyo punda hawawezi kuongezeka haraka. Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Aliyeibiwa punda ameibiwa maji, kuni na ada za watoto wake.

Ni jirani gani ambaye mzigo wake umeuona, ukapita kwa sababu ya ugomvi wa zamani?

JUMATANO
Pumziko la Sabato kwa Wasio na Sauti

Soma Kutoka 20:8–10; Kutoka 23:12 na Luka 13:10–17. Amri ya Sabato inawataja wanyama kwa namna gani? Yesu alitumiaje mfano wa ng'ombe na punda?

Amri ya nne inawataja mwana, binti, mtumwa, mgeni na mnyama wa kufugwa. Kutoka 23:12 inakwenda mbali zaidi: pale, pumziko la ng'ombe na punda limetajwa kuwa sababu mojawapo ya mwanadamu kuacha kazi. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 punda na ng'ombe wametajwa kwa majina. Sabato ya Bwana ni yao pia.

Jambo hili linahitaji kufikiriwa kwa vitendo. Familia nyingi za Waadventista vijijini huchota maji ya Sabato siku ya Ijumaa, siku ya Maandalio. Ni desturi njema. Lakini ikiwa Ijumaa punda anatwikwa mizigo ya siku mbili, akapelekwa kisimani mara mbili juani kwa sababu kesho atapumzika, je, amepumzishwa, au mateso yake yamehamishwa tu kutoka siku moja kwenda nyingine? Nyumba yenye pipa inaweza kuongeza dumu moja kila siku tangu Jumatatu, na kufika Ijumaa bila kumzidishia mnyama mzigo. Kuitunza Sabato huanza mapema katika juma.

Yako pia maswali ya upande wa pili. Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa sababu Yesu alimponya mwanamke siku ya Sabato. Yesu alimkumbusha jambo ambalo kila mtu pale alilifanya: kumfungua ng'ombe au punda zizini siku ya Sabato na kumpeleka kunywa maji. Katika Luka 14:5 alitaja pia kumtoa kisimani aliyetumbukia, na katika Mathayo 12:11, kondoo aliyeanguka shimoni. Yesu hakuwakosoa kwa kuwahurumia wanyama wao. Aliijenga hoja yake juu ya huruma hiyo. Ikiwa huruma kwa punda ni halali siku ya Sabato, kumwachilia binti wa Ibrahimu aliyefungwa miaka 18 ni halali zaidi.

Kwa hiyo, ng'ombe akishindwa kuzaa Sabato asubuhi, mwenye ng'ombe hatendi dhambi kwa kukaa naye na kumtafuta daktari wa mifugo. Anayehudumu kwa zamu katika kituo cha wanyama anaweza kuwalisha na kuwatibu Sabato, kwa kuwa njaa na maumivu havingoji jua lizame. Zile kazi zinazoweza kungoja, kama kupaka rangi vizimba, kuhesabu mapato au kununua vifaa, zingoje. Kipimo ambacho Yesu alikitoa ni kutenda mema na kuponya (Luka 6:9).

Ikiwa punda wa nyumbani mwako angeulizwa Sabato yake ilikuwaje juma lililopita, angejibu nini?

ALHAMISI
Rehema Yenye Maarifa

Soma Hesabu 22:21–34. Punda aliona nini ambacho nabii hakukiona? Malaika alimuuliza Balaamu swali gani la kwanza?

Balaamu alikuwa na haraka. Mara tatu punda alikataa kwenda mbele, na mara tatu akapigwa. Mnyama alikuwa akimwokoa mpigaji wake. Macho ya Balaamu yalipofunguliwa, malaika alianza kwa kumuuliza kwa nini amempiga punda wake mara hizo tatu. Habari ya njia yake potovu ilifuata baadaye. Mbinguni mapigo yale yalikuwa yamehesabiwa.

Punda anayesimama njiani, maksai anayelala chini na nira, mbwa anayeng'ata ghafla, wote wanasema jambo. Mara nyingi fimbo hutumika kwa sababu mwanadamu hajajua jambo hilo ni lipi: kwato imechomwa na mwiba, kamba inakata kwapa, mnyama ana minyoo, au ana homa. Kwa sababu hiyo, huduma kwa wanyama inahitaji maarifa pamoja na moyo mwema.

Mfano mkubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara matokeo ni kifo. Asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Hata hivyo, ugonjwa huu unazuilika. Kijiji kikichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Yafaa kila nyumba ijue haya: aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Na anayetaka kujitolea kuwahudumia mbwa wa mitaani, ashauriane kwanza na daktari kuhusu kuchanjwa yeye mwenyewe, asimshike mbwa asiyemjua kwa mikono mitupu, wala asiwatume watoto kufanya kazi hiyo.

Hapa swali la siku ya Sabato linapata jibu. Wengine husema, “Watu kwanza, wanyama baadaye.” Ni kweli kwamba mtu ana thamani kupita kondoo, Yesu mwenyewe alisema hivyo (Mathayo 12:12). Lakini mbwa aliyechanjwa Ilongero ni mtoto aliyelindwa Ilongero. Punda aliyetibiwa ni maji ndani ya nyumba ya mjane. Mungu alipomweleza Yona kwa nini anauhurumia Ninawi, alitaja watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, kisha akaongeza na wanyama wengi (Yona 4:11). Watu walitajwa kwanza, na wanyama hawakuachwa.

Sheria ya nchi nayo inasema. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatendea wanyama ukatili. Kwa Mkristo, sheria hiyo ni sakafu ya kusimamia. Upendo unapaswa kupanda juu ya hapo.

Ni wapi umewahi kutumia fimbo mahali palipohitaji kutazama?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu Balaamu katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii. Katika sura hiyo mwandishi anasimama kwenye tukio la punda na kuonya kwamba anayemtesa mnyama kwa sababu tu ana nguvu juu yake, atatoa hesabu mbele za Mungu.

Historia inaonyesha kwamba huruma haigawanyiki. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo dhidi ya ukatili. Miaka miwili baadaye, mwaka 1824, kasisi wa Kianglikana aitwaye Arthur Broome aliwakusanya watu jijini London kuunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa William Wilberforce, mbunge aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigana na biashara ya watumwa. Hakuona kwamba kumtetea farasi kunamwondoa katika kumtetea mtumwa. Moyo uliosikia kilio kimoja ulisikia na cha pili.

Broome aliiacha kazi yake kanisani ili akitumikie chama hicho. Fedha zilipokosekana, yeye ndiye aliyedaiwa, na mwaka 1826 alifungwa kwa sababu ya madeni ya chama. Wenzake walichanga ili atoke, na Lewis Gompertz, aliyekuwa Myahudi, akakiongoza chama katika miaka migumu iliyofuata. Mkristo na Myahudi walishika pande mbili za mzigo mmoja, kama Kutoka 23:5 inavyoagiza.

Paulo anaandika katika Warumi 8:18–22 kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, vikitazamia kuwekwa huru. Dhambi ya mwanadamu iliwaingiza wanyama katika mateso wasiyoyachagua. Siku inakuja ambapo hakuna kiumbe kitakachodhuru wala kuharibu katika mlima mtakatifu wa Mungu (Isaya 11:6–9). Anayemfungulia punda kamba leo hawezi kuileta siku hiyo kwa mikono yake. Lakini anaitangaza, na yule punda huionja kidogo kabla ya wakati.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mmoja wa kanisa hampi punda wake kazi siku ya Sabato, lakini humkodisha kwa jirani asiye Mwadventista ili abebe mizigo siku hiyo. Je, anaitunza amri ya nne? Someni tena Kutoka 20:10 kabla ya kujibu.

2. Punda au maksai aliyezeeka hawezi kufanya kazi tena. Mwenye mnyama ni maskini na hana majani ya kumlisha bure. Wengine humfukuza akajitafutie, akaishia kugongwa barabarani au kuliwa na fisi. Darasa linaweza kumshauri nini mtu huyo, na linaweza kumsaidia kwa jambo gani badala ya ushauri peke yake?

3. Darasa lenu likitaka kujitolea kwa ajili ya wanyama wa kijiji, lianze wapi? Fikirieni mambo haya: kumwomba afisa mifugo awafundishe Watafuta Njia namna ya kutunza vidonda na kwato, kushona matandiko laini pamoja na kina mama wa Dorkasi, kuwahamasisha wenye mbwa wawalete wakati wa chanjo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Chagueni jambo moja, mpange nani atalifanya na lini.

4. Mtu anasema, “Ng'ombe wangu ni mali yangu, nikimpiga ni shauri langu.” Kwa kutumia Zaburi 50:10 na Hesabu 22:32, mtamjibuje kwa upole?

5. Katika Luka 10:34 Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Mnyama huyo angekuwa na njaa au vidonda siku ile, yule majeruhi angefikaje penye nyumba ya wageni? Hilo linafundisha nini juu ya kuwa tayari kwa huduma?